Taa ya chaja inawaka, kompyuta haichaji

SWALI: Ndugu Mhariri, taa ya chaja yangu inawaka, lakini kompyuta ya mpakato haichaji mpaka niukunje waya karibu na kichwa chake. Fundi anataka kubadili ubao mkuu mzima wa kompyuta. Nina multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, nianzie wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usikubali kubadilishiwa ubao kabla ya kupima, kwani mimi naushuku waya wenyewe. Soma volti zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chaja, ambazo aghalabu ni 19 au 19.5, kisha weka multimita kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC), kipimo cha 20. Ingiza ncha nyekundu ndani ya tundu la kichwa, nyeusi iguse bomba la nje, zisigusane kabisa, na mwenzako aukunje waya taratibu huku wewe ukitazama kioo cha multimita: tarakimu zikiporomoka na kurudi, nyuzi zimekatika ndani, na fundi anaweza kukufungia kichwa kipya.

Ukikuta sindano nyembamba katikati, kama ilivyo kwa chaja nyingi za Dell na HP, ncha nyekundu iguse ukuta wa ndani wa bomba, si sindano, kwa kuwa sindano hiyo huitambulisha chaja tu; mawasiliano yake yakikatika, kompyuta huweza kuwaka bila betri kujaa.

Volti zikitulia, kagua tundu la kompyuta, ambalo mara nyingi hulegea kwenye lehemu. Kumbuka pia kwamba chaja dhaifu huweza kuonyesha volti kamili ikiwa haijachomekwa kwenye kompyuta, kwa hiyo jaribu chaja nyingine ya volti zilezile kabla ya kulipa chochote.