Kurt Moll ni Mjerumani, na ni besi sio baritoni

Hapana ndugu, umesema mwimbaji wa opera Kurt Moll ni baritoni (sauti ya kiume ya kati) wa Austria, lakini sio wa Austria wala sio baritoni. Alizaliwa Buir karibu na Cologne 1938 na akafariki Cologne hukohuko 2017, na sauti yake ni besi, yaani sauti nzito ya kiume, tena ile ya chini kabisa. Nadhani kilichokuchanganya ni kwamba aliimba sana nafasi ya Baron Ochs kwenye opera ya Strauss, Der Rosenkavalier, ile hadithi inatokea Vienna, Austria, na Ochs anaongea kwa lafudhi ya kule.

Kuhusu besi, msikilize tu akiimba nafasi ya Sarastro kwenye opera ya Mozart, Die Zauberflöte, ile rekodi ya video ya jumba la opera la Metropolitan, New York, ya 1991 ipo. Wimbo wa Sarastro wa O Isis und Osiris unashuka mpaka noti ya F ya chini, na sisi tunaoimba besi kwenye kwaya tunaijua vizuri hiyo noti, wengi tukifika pale inatoka pumzi tu na mngurumo kidogo, lakini yeye inatoka imejaa, laini, hasukumi chochote, mdomo wenyewe anafungua kidogo tu. Na Osmin, mhusika wa opera nyingine ya Mozart, Die Entführung aus dem Serail, anashuka zaidi, mpaka noti ya D, na nafasi hiyo nayo Moll aliiimba miaka na miaka.

Halafu utotoni alikuwa mpiga chelo, uimbaji ulikuja baadaye kupitia kwaya ya shule. Mimi nikimsikiliza naisikia ile chelo kabisa, sauti moja ndefu haikatiki. Jukwaani aliaga 2006 Munich kwenye opera ya Wagner, Die Meistersinger, nafasi ndogo tu ya mlinzi wa usiku.