Mkimwandikia mwana aliye Eldoret

Familia za Lamu ambazo kijana wao amechukuliwa jeshini kwa mara ya kwanza huanza kuhangaika wiki ile ile simu yake inapozimwa. Wamezoea kumpata WhatsApp saa yoyote, sasa kila wakipiga ni "mteja hapatikani". Makuruta wa KDF, yaani jeshi la Kenya, wawe wa jeshi la nchi kavu, la anga au la majini, hufunzwa Eldoret, Moi Barracks, na kwa muda mwingi wa mafunzo hayo simu hawana. Kinachobaki ni barua. Mimi nilipita huko nikitokea Faza, kisiwani Pate, nikatumikia jeshi hadi nikastaafu, na tangu nirudi watu huniletea karatasi na kalamu wakiniuliza waandike nini. Haya ndiyo ninayowaambia.

Msimhubirie. Kuruta anaamrishwa tangu kabla ya alfajiri hadi taa zinapozimwa. Anaambiwa asimame vipi, blanketi alikunje vipi, "ndiyo afande" aitamke kwa sauti gani. Barua ya baba nayo ikija imejaa "uwe na nidhamu, uwatii wakubwa wako, usituaibishe", huwa mmemwongezea afande mwingine. Nidhamu atafunzwa na watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo. Ninyi mna kitu ambacho hakuna mkufunzi wa kumpa, nacho ni habari za nyumbani, tena zile ndogondogo, zenye jina la mtu na jina la mtaa.

Barua niliyoisoma hadi ikachanika kwenye mikunjo niliandikiwa na ndugu yangu mdogo, wakati huo yuko darasa la sita. Haikuwa na nasaha hata moja. Alisema punda wa ami amezaa, na kitoto kina doa jeupe usoni. Alisema mashua ya jirani imepakwa rangi ya kijani na wenye mashua wamenuniana kwa sababu ya rangi hiyo. Timu ya Siyu ilikuja Faza ikafungwa, na aliyetia bao ni mvulana niliyekuwa nikimfukuza uwanjani kwa udogo wake. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa pwani baridi yake humwingia mifupani. Niliisoma barua ile nimejifunika blanketi, mvua inapiga mabati, na usiku ule nikalala vizuri.

Kwa hiyo akikaa mtu kuandika, asianze kwa kufikiri ni jambo gani kubwa la kusema. Aangalie lililotokea tangu juzi. Nani ameoa, nani ameanza kujenga, kusi imechafua bahari hadi wavuvi wamekaa bure siku ngapi, nani amekuja kuulizia habari zake. Mtoto mdogo wa nyumba naye apewe nafasi achore chochote chini ya ukurasa. Maulidi yakikaribia, mwelezeni nani amefika kutoka wapi na amelala kwa nani. Habari kama hizi humfanya ajue kwamba nafasi yake katika mji bado ipo na watu wanaendelea kuizunguka.

Kuna wanaokataza kutaja chakula, wakisema utamtia njaa. Mimi sikubaliani nao. Njaa anayo tayari. Lakini msimwandikie orodha ya vyakula kama menyu ya hoteli. Mwandikieni hivi: "Ijumaa mama alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akakupakulia sahani yako kwa mazoea, mwishowe akaila Omari." Hapo amepata chakula, mama yake na ndugu yake kwa mara moja.

Bibi wa nyumba asiachwe nje, na hapa nataka nikae kidogo. Lamu tuna wazee wengi, hasa wanawake, wanaosoma na kuandika Kiswahili kwa khati za Kiarabu vizuri kabisa, lakini hizi herufi za skuli hawazijui. Watu huwafanya kama hawajui kuandika, wanawauliza tu "bibi, tukuandikie salamu gani?" Mpeni kalamu. Kama kijana alisoma chuo cha Qur'ani, zile herufi anazijua, na mkono wa bibi yake ataujua kabla hajasoma neno. Ila nyuma ya karatasi hiyo mwandike maneno yale yale kwa herufi za kawaida, ili mtu yeyote wa kambini akihitaji kujua kilichoandikwa asipate shida, na barua isikae mezani kwa sababu hakuna wa kuisoma. Na kama bibi anasema tu nanyi mnaandika, msimsahihishe. Akisema, "Mwambieni hatuyamsahau, na kitanda chake hakuna aliyekilalia," andikeni vivyo hivyo, kwa Kiamu chake, Kiswahili cha Lamu. Mkiigeuza iwe insha ya mtihani, bibi ametoka ndani ya barua.

Sasa mambo ya pesa. Nayasema kwa uchungu kwa sababu nimeona vijana wakilia. Mtoto akishachukuliwa, nyumbani hesabu huanza: paa la mabati, karo ya mdogo wake, deni la dukani. Kisha mtu anaandika, "tunakungoja wewe". Kuruta bado si askari. Anaweza kuumia goti akarudishwa, anaweza kushindwa. Ukimtwika paa la nyumba kabla hajafuzu, kila anapojikwaa kwenye mazoezi anaona nyumba nzima inaanguka naye. Atanyamaza na goti lake hadi liharibike kabisa, kwa kuogopa kurudi. Badala yake, mara moja tu katika barua za mwanzo, baba au ami amwandikie wazi kwamba akifuzu watafurahi, na akirudi kabla ya hapo mlango ni wake na hakuna atakayemcheka. Kisha jambo hilo lisirudiwe. Amelisikia.

Shida za nyumbani msizifiche zote, maana kijana mwenye akili akiona barua inasema kila kitu ni heri tupu, anajua anadanganywa na anaanza kubuni mabaya zaidi. Mama ana homa, semeni ana homa, amekwenda hospitali, amepewa dawa, anakula. Semeni ugonjwa pamoja na hatua iliyochukuliwa. Lakini msiba usipelekwe kwa barua. Barua inaweza kumkuta yuko peke yake, au dakika chache kabla ya kushika bunduki kwenye shabaha. Pigieni kambi kwa nambari mliyopewa, mwombe aelezwe ana kwa ana. Jeshi lina maimamu na makasisi wake, na kazi hii wanaijua. Baada ya hapo ndipo barua ifuate, ieleze maziko yalikuwaje na nani alikuwepo, maana hilo atalitaka sana.

Kwa upande wetu huu kuna jambo ambalo familia ya Nyeri au Kisii haina haja ya kulifikiria sana. Tunaishi karibu na msitu wa Boni, na tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 tumezoea magari ya jeshi na vizuizi barabarani. Hayo yasiingie kwenye barua. Msiandike ni magari mangapi yamepita, wala kambi gani imehamia wapi, wala jirani gani anafanya kazi gani ya usalama. Karatasi huanguka, huibwa, husahauliwa kwenye kiti cha basi. Picha yake akiwa na sare ikiwafikia, isipandishwe Facebook.

Lakini likitokea tukio huku kwetu, andikeni siku hiyo hiyo, na mstari wa kwanza uwe wa majina: baba yuko salama, mama yuko salama, Omari alikuwa Mombasa, amepiga simu. Salamu ndefu zije baadaye. Yeye atasikia neno "Lamu" redioni au kwa mwenzake, bila kuelezwa ni sehemu gani ya Lamu. Mpeketoni na Kizingitini ziko mbalimbali, bahari iko katikati, lakini mtu aliye zaidi ya kilomita 900 za safari kutoka kwao akisikia jina la kaunti yake huona mlango wa nyumba yao.

Kuhusu posta nitasema kwa ufupi. Anwani iwe ile aliyowapa mwenyewe, yenye nambari yake ya jeshi, kombania na platuni. "Moi Barracks, Eldoret" peke yake haitoshi kwa mahali penye vijana wengi hivyo, na Abdalla wamo wengi. Msimbo wa posta wa Eldoret ni 30100. Wenu uwe kwenye bahasha pia, 80500 kwa Lamu, 80200 kwa walio Malindi, ili isipofika irudi. Walio Faza, Siyu na Kizingitini wanajua mambo ya Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maji yakipwa hapapitiki vizuri, na barua humngoja mtu wa kuipeleka mjini. Kwa hiyo kila barua ipeni tarehe na nambari juu, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara nyingi zitamfikia mbili pamoja, na atajua aanze na ipi. Ukurasa mmoja kila wiki ni bora kuliko kurasa sita mwisho wa mwezi, kwa sababu muda wake wa kusoma ni mfupi. Tumieni kalamu ya wino usioyeyuka kwa maji. Ndani tieni bahasha tupu yenye anwani yenu na stempu, maana kupata stempu kule si rahisi kwa kuruta. Halua na kaimati msitume kabla ya kuuliza kama vifurushi vinaruhusiwa.

Asipojibu, msimlaumu. Msiandike "mbona umetusahau". Kuna wiki nzima za mazoezi ya nje ambazo hata kuvua buti ni kwa bahati. Na mtu akiwapigia kusema, "Kijana ameumia, tumeni pesa haraka kwa nambari hii," kateni simu mpigie kambi wenyewe. Matapeli wanajua familia zipi zina kuruta, na wanajua mama atatuma.

Barua za mwisho kabla ya gwaride la kufuzu zina kazi yake. Wakati huo kijana haulizi tena kama ataweza, anauliza nani atakuja. Safari ni mashua, kisha basi hadi Mombasa, Nairobi, ndipo Eldoret, na si kila nyumba ina nauli ya watu watano. Kaeni mwamue mapema, kisha mwandikieni majina ya watakaokuja na yale ya watakaobaki, pamoja na sababu. Siku hiyo watu huwa wengi mno, na mara nyingi Rais mwenyewe, akiwa Amiri Jeshi Mkuu, ndiye anayekagua gwaride. Mwambieni mtavaa nini ili awatambue kwa mbali, na mkutane upande gani gwaride likiisha. Chukueni sweta, hata kama huku Lamu jua linachoma. Na jina la mtu ambaye bado hajakata tiketi lisiandikwe.