Hesabu za Mikokoni

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha hesabu kidato cha pili, wilaya ya Pangani. Mwaka huu tumeambiwa kila somo liguse mazingira. Wenzangu wa jiografia na biolojia hawana tabu. Mimi nikiandika ubaoni "Asha alipanda miti 40, ikakauka 12", darasa linapiga miayo. Na mtihani wa taifa unakaribia. Muda nitautoa wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Miti ya Asha iache, haipo. Mikoko ya mdomoni mwa mto Pangani ipo, na watoto wako wanaijua kwa majina: mchu, msinzi, mkandaa, mlilana.

Wakataji wa pwani waliigawa miti hiyo kwa unene tangu enzi za majahazi ya Arabuni: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Waliiuza kwa korja, yaani miti 20. Sasa angalia: fito hadi nguzo ni madaraja ya jedwali la marudio (linaloonyesha kila daraja lina miti mingapi), ambalo lazima ulifundishe mwaka huu. Zungushia kamba eneo la mita 10 kwa 10. Kila mti upimwe mzunguko kwa tepu ya fundi nguo, mita 1.3 kutoka chini. Wenye mizizi ya magongo upimwe juu ya mizizi. Wagawe kwa 3.14, wapate kipenyo, wauweke mti kwenye daraja lake.

Fanya maeneo mawili, moja karibu na njia ya mitumbwi, jingine ndani kabisa. Msitu wa asili kwa kawaida una miti midogo mingi kuliko mikubwa, kwa hiyo eneo moja halisemi kitu. Ni pale histogramu mbili, yaani michoro ya majedwali hayo, zinapokaa ubavu kwa ubavu, moja haina boriti wala nguzo, ndipo mtoto atauliza mwenyewe: imekwenda wapi? Usimjibu upesi. Mpeleke kwa mwalimu wa historia, na nyumbani kwa babu yake.

Mimi nilifundisha kemia. Siku moja nilileta darasani majani ya mchu yaliyochumwa alfajiri, yana chembe nyeupe mgongoni. Binti mmoja akalamba: "Mwalimu, chumvi!" Tukayasuuza kwa maji yaliyotoneshwa (ya bomba yangetupotosha, yana kloridi yake, ambayo ni sehemu ya chumvi), tukadondoshea nitreti ya fedha, yakatokea mashapo meupe kama maziwa yaliyoganda. Kipimo cha kloridi kilikuwa kwenye muhtasari. Sikuongeza hata dakika moja. Ila tangu siku ile walijua mti unaokunywa bahari unaitoaje chumvi.

Na hizi si hesabu za kuchezea. Gazi, kule Kwale, Kenya, wanakijiji wanatunza hekta 117 za mikoko, na tangu 2013 wana mradi wa kuuza kaboni yake, yaani hulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo miti hiyo inaihifadhi; fedha zimesaidia maji na shule. Kaboni hiyo huanza kuhesabiwa kwa kipenyo cha mti, kama watakavyofanya watoto wako.

Nenda siku za bamvua, maji yakipwa sana. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, basi wao ndio wapige hesabu ya saa ya kuondoka, nawe uihakiki kwa mvuvi kabla hamjatoka. Msikate hata fito, mikoko ni msitu wa hifadhi. Ukipata zile histogramu mbili, niletee nizione.