Jinsi ya kujaribu programu ya kuchakata data za darubini za redio: anza na anga unalolijua

Mkuu, umeuliza hivi: umeandika programu ya Python inayosoma Measurement Set (muundo wa kuhifadhi data za darubini za redio), inafanya kalibresheni, yaani kurekebisha makosa ya antena, na kutoa picha. Umeiendesha kwenye data halisi, picha imetoka safi, na sasa unataka kujua kama inatosha kuwapa wenzako waitumie. Haitoshi.

Data halisi hazina jibu la kulinganisha nalo. Ukigeuza alama (jumlisha au toa) ya awamu, yaani pembe ya wimbi, mahali fulani, kalibresheni inaweza kumeza sehemu ya kosa hilo na picha ikabaki ya kuvutia. Jaribu hili uone ukubwa wa hatari: chukua kelele tupu zisizo na chanzo chochote, zifanyie kalibresheni ya awamu kwa modeli ya chanzo kimoja kilichopo katikati, kisha tengeneza picha. Chanzo kitatokea katikati. Hakuna galaksi pale. Kitatuzi, yaani sehemu ya programu inayotafuta masahihisho, kimezizungusha awamu za kila antena mpaka kelele zikakubaliana na modeli. Ndiyo sababu gaincal, amri ya kalibresheni ya CASA (kifurushi cha kuchakata data za redio), ina kizingiti cha minsnr, yaani uwiano wa chini wa ishara kwa kelele, ambacho kwa kawaida ni 3. Programu yako iwe na kizingiti cha namna hiyo, na jaribio la kelele tupu liwe la kudumu, liendeshwe kila msimbo unapobadilika.

Kwa hiyo tengeneza anga lako mwenyewe. Antena 7 zinatosha, maana zinakupa jozi 21 za antena na pembetatu huru 15 za awamu (awamu za antena tatu zikijumlishwa, makosa ya kila antena hufutika). Weka chaneli 16, vipindi 10 vya muda na polarizesheni 4. Hizo ni namba changamano 13,440. Kila moja ikichukua baiti 8, thamani zote hazifiki kilobaiti 110, na faili linakaa kwenye Git bila shida.

Anga hilo lifanye gumu makusudi. Wengi huweka chanzo kimoja katikati, nalo ni jaribio lisilokamata karibu chochote. Chanzo cha katikati kina awamu sifuri kwenye kila jozi, kwa hiyo hata ukigeuza u, ukasahau w (u, v na w ni umbali kati ya antena mbili kwa pande tatu, kwa urefu wa wimbi) au ukachanganya masafa ya chaneli, jibu litatoka sahihi. Weka vyanzo vitatu vya nguvu tofauti, tuseme 1, 0.5 na 0.2 Jy (jansky, kipimo cha nguvu ya vyanzo vya redio), vyote nje ya katikati na bila ulinganifu. Chenye nguvu zaidi kiwe kaskazini-mashariki, ili picha ikigeuka kama kwenye kioo ulione kosa papo hapo. Kumbuka kwenye picha za anga mashariki iko kushoto. Katikati ya picha iwe kwenye deklinesheni (latitudo ya angani) ya −60. Huko kosini ni 0.5, hivyo ukiisahau kwenye hesabu ya RA (longitudo ya angani), umbali wa mashariki-magharibi utakosewa mara mbili. Kwenye deklinesheni sifuri usingeona kitu.

Thamani za kila jozi zikokotoe kwa kujumlisha moja kwa moja, chanzo baada ya chanzo: S × exp(−2πi(ul + vm + w(n−1))), ambapo S ni nguvu ya chanzo na l, m, n ni mahali pake angani. Usitumie FFT (njia ya haraka ya Fourier) hapa. Kujumlisha ni polepole, lakini kwa data ndogo namna hii inamalizika upesi. Tena msimbo huu usishiriki hata fankisheni moja na programu unayoijaribu. Kosa la alama likiwa pande zote mbili linajifuta lenyewe, na jaribio linapita. Vifurushi tofauti vina desturi tofauti za alama hiyo na za mwelekeo wa uvw, kwa hiyo andika wazi ya kwako ni ipi.

Sasa ziharibu data kwa geini unazozijua (geini ni namba changamano inayobeba kosa la ukubwa na awamu la antena moja): V ya jozi pq ni geini ya p, mara modeli, mara konjugeti ya geini ya q. Ukubwa uwe kati ya 0.8 na 1.2, awamu zitapakae duara zima kuanzia −180 hadi 180. Awamu ndogondogo zinaficha makosa, mfano kuchukua wastani wa pembe: wastani wa 179 na −179 kwa hesabu ya kawaida ni 0, wakati jibu ni 180. Daima chukua wastani wa namba changamano zenyewe.

Unapolinganisha geini zilizotoka na zile ulizoziweka, usitoe moja kwenye nyingine moja kwa moja. Awamu ya jumla haijulikani. Kwanza zungusha seti zote mbili ili antena ya rejea, ile uliyoichagua kuwa kipimo cha nyingine, iwe na awamu sifuri, kisha linganisha. Bila kelele, tofauti inatakiwa ishuke hadi kiwango ulichompa kitatuzi kama mwisho wa kukaribia. Ukikuta awamu zote zimegeuka alama, konjugeti iko kwenye antena isiyo yake. Kosa hili linaweza kuishi miaka mingi, kwa kuwa programu inayoligeuza wakati wa kutafuta na wakati wa kutumia geini hutoa picha sahihi. Linafichuka siku mtu anapopeleka jedwali lako kwenye kifurushi kingine.

Baada ya hapo ongeza kelele, na hapa usiridhike kuangalia kwa macho. Chukua polarizesheni moja, geini zisibadilike kwa vipindi vyote 10 na chaneli zote 16. Una vipimo 21 × 16 × 10 × 2 = 6,720, ile 2 ikiwa ni sehemu halisi na sehemu ya kufikirika. Visivyojulikana ni 2 × 7 − 1 = 13. Kwa hiyo jumla ya miraba ya mabaki (tofauti kati ya data na modeli), ukiigawa kwa sigma, kiwango cha kelele, ya mraba, inatakiwa iwe karibu na 6,707, na mtawanyiko wake ni kama 116. Ukipata karibu nusu yake au maradufu, kuna mahali umechanganya sigma ya namba changamano nzima na sigma ya sehemu moja. Kosa hilo halionekani kwenye picha, lakini linaharibu uzito wa data na kila kizingiti kinachotegemea kelele.

Bendera, yaani alama za kuonyesha vipimo vibovu visitumike, nazo zina mtego wake. Kuzidisha kwa uzito sifuri hakuondoi NaN (thamani isiyo namba), kwa sababu sifuri mara NaN ni NaN, na NaN moja ikiingia kwenye FFT picha nzima inakufa. Jaza NaN kila penye bendera, endesha upya, na matokeo yawe yaleyale kana kwamba vipimo hivyo havikuwepo. Kisha piga bendera antena nzima, halafu antena ya rejea katikati ya uangalizi, halafu data zote. Hali hiyo ya mwisho itoe ujumbe unaoeleweka, programu isianguke.

Muda kwenye Measurement Set huhesabiwa kwa sekunde za MJD (hesabu ya siku ya wanaanga, inayoanza mwaka 1858), sasa ni zaidi ya bilioni 5. Namba ya desimali ya biti 32 kwenye ukubwa huo inaruka kwa hatua za sekunde 512. Mtu mmoja akibadilisha safu ya muda kuwa biti 32 ili kuokoa kumbukumbu, vipimo vya dakika nane na nusu vinapata muda mmoja, na dunia imeshazunguka zaidi ya digrii 2. Muda na uvw vibaki biti 64. Kosa la nusu chaneli nalo ni la kimyakimya: kwenye MeerKAT, darubini ya redio ya Afrika Kusini, 856 MHz zikigawanywa kwa chaneli 4,096 kila moja ina upana wa karibu kHz 209, ambao kwenye mstari wa haidrojeni wa 1420.4 MHz ni kama km 44 kwa sekunde. Ukichukua ukingo badala ya katikati ya chaneli, galaksi zako zote zinahama km 22 kwa sekunde.

Data halisi zije baada ya hayo yote. Tumia vyanzo vya rejea vinavyojulikana: 3C286 kwa anga la kaskazini au PKS 1934-638 kwa la kusini. Kila kimoja kina takriban 15 Jy kwenye 1.4 GHz. Fanya kazi hiyohiyo kwa CASA au WSClean (programu nyingine ya kutengeneza picha), kwa pikseli na uzito uleule, kisha toa picha moja kwenye nyingine. Umbo la chanzo likibaki kwenye tofauti, kuna kosa. Kwa upande wa mwingiliano wa mawimbi ya binadamu, hakikisha GPS inakamatwa kwenye 1227.6 na 1575.42 MHz, halafu penyeza mstari bandia wenye nguvu karibu na 1420 MHz uone kama kinachoweka bendera hakiuui. Binafsi naogopa zaidi kupiga bendera kupita kiasi kuliko kuacha uchafu kidogo, kwa sababu uchafu unaonekana.

Kuhusu ukubwa: MeerKAT ikiwa na antena zote 64 ina jozi 2,016. Chaneli 4,096 na polarizesheni 4 ni kama megabaiti 264 kwa kila kipimo cha sekunde 8, karibu gigabaiti 119 kwa saa kabla ya kuongeza safu za modeli na za data zilizosahihishwa. Lazima usome vipande vipande, basi endesha jaribio lilelile kwa vipande vya ukubwa usiogawanyika vizuri, mfano safu 7 kwa mara. Matokeo yakibadilika, kuna kipindi cha geini kinachokatwa mpakani.

Usilinganishe mafaili ya FITS (muundo wa picha za anga) kwa md5, yaani alama ya kidole ya faili. Kichwa cha faili huweza kubeba tarehe ya kutengenezwa, na nyuzi nyingi za kichakataji hubadilisha mpangilio wa kujumlisha, hivyo tarakimu za mwisho hucheza. Linganisha thamani kwa uvumilivu wa mfano 10⁻⁵ kwa biti 32. Na mtumiaji akileta hitilafu, tumia split, amri ya CASA ya kukata data, kupunguza data zake hadi antena chache, chaneli chache na skani moja huku hitilafu ikiendelea kuonekana. Kipande hicho kiingie kwenye majaribio kabla hujagusa msimbo, ukishuhudie kikifeli kwanza.