Maumivu yasiyoonekana kwenye picha

SWALI: Assalamu alaikum. Nilikuwa nikifua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja ya Unguja, nikaumia kiuno nikinyanyua tenga la nguo mbichi. Nimerudi nyumbani mwaka wa pili sasa, maumivu hayaniachi, na kila nikipigwa picha naambiwa mifupa ni mizima. Nikitaja mafao ya ulemavu, jamaa wananicheka kwa kuwa natembea. Je, nina haki ya kudai?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaikumu salaam, dada yetu, na pole sana. Haki ya kudai unayo, na wanaokucheka hawajui wasemalo. Maumivu yanayodumu zaidi ya miezi 3 huhesabiwa kuwa sugu, na katika orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 yamepewa nafasi yake yenyewe. Picha huonesha mfupa. Haioneshi neva zinazoendelea kupeleka maumivu hata baada ya jeraha kupona.

Kinacholegeza madai ya wengi wetu ni adabu. Daktari anauliza, “Hujambo?”, nawe unajibu, “Sijambo, alhamdulillahi,” kisha kwenye cheti anaandika kuwa mgonjwa anaendelea vizuri, na cheti hicho ndicho kitakachosomwa siku ya madai. Mshukuru Mola, kisha eleza bila kuzidisha wala kuficha yale usiyoyaweza: kwamba huwezi kukaa juu ya mbuzi ukamaliza kukuna nazi moja, kwamba unasali juu ya kiti kwa kuwa kusujudu kumekushinda, kwamba usiku unaamka kila unapogeuka. Muombe ayaandike hayo, pamoja na dawa ulizotumia na zilivyokusaidia au kutokusaidia, kwa sababu jopo la madaktari linapima uwezo wako wa kufanya kazi, wala si picha peke yake.

Ikiwa mwajiri alikuchangia katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, nenda ofisini kwao na kitambulisho chako ukaulizie taarifa ya michango, kwani mafao ya ulemavu hutegemea michango hiyo na uthibitisho wa daktari. Fidia ya kuumia kazini ni dai jingine, linalomhusu mwajiri. Lipeleke kwa ofisi inayosimamia kazi, pamoja na majina ya wenzako waliokuona siku ile. Pensheni Jamii iliyoanza mwaka 2016 haihitaji michango, lakini ni ya wazee waliofikia miaka 70, kwa hiyo usikubali kuzungushwa huko.

Usiende peke yako. Fuatana na mtu anayeishi nawe, kwa kuwa yeye huyaona yale ambayo wewe umeshayazoea na pengine utaona haya kuyasema. Na kila karatasi unayoikabidhi, baki na nakala yake yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa.