Uamuzi Usioufanya Mchana, Keshia Ataufanya Usiku

Nimefanya kazi ya usimamizi wa hospitali hapa Mombasa kwa miaka mingi, na ushauri ninaompa kila anayekabidhiwa wadhifa huu kwa mara ya kwanza ni kwamba aanze kwa kuuliza agizo gani limeachwa kwa keshia wa zamu ya usiku. Bango la maono na dhamira linalotundikwa mapokezi halimwelezi kijana huyo amfanyie nini mama anayetokwa na damu ambaye hana hata shilingi. Pasipo agizo, ataamua mwenyewe, na aghalabu ataamua kwa hofu.

Hofu hiyo ina msingi. Katika hospitali moja niliyofanyia kazi, bili ya mgonjwa aliyeondoka bila kulipa ilikatwa kwenye mishahara ya waliokuwa zamu. Hakuna aliyewaambia wamkatalie maskini, lakini kila mmoja wao alijua kwamba huruma yake ingemgharimu karo ya mtoto. Naona huo ni udhalimu wa aina mbili kwa mpigo: mgonjwa anafungiwa mlango, na mfanyakazi mdogo anabebeshwa lawama ya uamuzi ambao wakubwa wake waliukwepa.

Kwa upande wa dharura, sheria imekwisha kutuamulia. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitoza faini isiyozidi shilingi milioni 3 taasisi inayokataa kuyatoa ilhali ina uwezo. Sheria hiyo inahesabu kuituliza hali ya mgonjwa, pamoja na kumpangia rufaa pale uwezo unapokosekana, kuwa sehemu ya matibabu hayo. Kupanga rufaa si kuandika barua na kumkabidhi mume wa mgonjwa. Mtu aliyeko Likoni anayepelekwa Hospitali Kuu ya Pwani ana kivuko cha feri mbele yake, na anayempeleka anapaswa kuwa amekwisha kupiga simu, amehakikisha kuna kitanda, na amempa muuguzi wa kuandamana naye kwenye ambulensi.

Kwa hiyo andika agizo la ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kinachoeleweka na mlinzi wa getini, linalosema kwamba anayeamua kama hali ni ya dharura ni tabibu au muuguzi aliye zamu, na kwamba keshia hahusiki mpaka hao wawe wamemwona mgonjwa. Taja mifano: mjamzito mwenye degedege, mtoto anayepumua kwa shida, kijana aliyeanguka na bodaboda. Litie sahihi wewe mwenyewe, ili likimponza mtu limponze aliyelitia sahihi. Kila asubuhi soma kitabu cha zamu pamoja na matroni, na uulize hasa juu ya wale waliofika wakaondoka bila kuonwa, kwa sababu hao ndio ambao hakuna faili linalowakumbuka.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nalo ni bili baada ya matibabu. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwazuilia akina mama katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya deni kulikuwa kinyume cha Katiba. Kuhusu maiti, Mahakama Kuu hapa Mombasa ilikwisha kusema mwaka 1998 kwamba mwili wa marehemu haushikwi kuwa dhamana ya bili. Hata hivyo desturi hiyo haijaisha, na katika mji huu inachoma kuliko kwingine. Nilimshuhudia mzee mmoja amesimama nje ya mochari baada ya mkewe kufariki alfajiri. Kaburi lilikuwa limechimbwa, vijana wa mtaani walikuwa wamekwisha kuleta jeneza, na swala ya adhuhuri ilikuwa inakaribia. Alimwambia karani, kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, deni nitalilipa mimi. Huyu mpeni ruhusa aende." Karani alikuwa Mwislamu kama yeye, akijua vyema kwamba maiti huharakishwa, naye alitazama chini kwa kuwa hakuwa na mamlaka ya kujibu. Mwili ulitoka alasiri, baada ya simu nyingi na mchango wa majirani.

Sisemi hivi kumdharau mhasibu. Hospitali isiyolipwa hushindwa kununua oksijeni, na madai tunayopeleka kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, NHIF, Oktoba 2024, yakichelewa kulipwa ni mishahara inayochelewa. Mgonjwa wa kesho naye ana haki juu ya fedha hizo. Lakini kumzuia mtu si njia ya kukusanya deni. Kila siku ya ziada kitandani huongeza bili ileile isiyolipika na kumnyima kitanda mwingine. Njia zinazofaa zipo: afisa wa ustawi wa jamii azungumze na familia siku ya kulazwa badala ya siku ya kuruhusiwa, makubaliano ya kulipa kidogo kidogo yaandikwe mbele ya mdhamini, na kwa mwenye uwezo anayekataa, mahakama ya madai.

Zawadi za wauza dawa sitazizungumza sana: zikatae zote, hata ile ya Idi. Kinachohitaji moyo zaidi ni simu ya mkubwa anayetaka kitanda cha wagonjwa mahututi kwa ajili ya jamaa yake. Simu hiyo ipokee wewe, usimpasie muuguzi. Jibu kwa adabu kwamba vigezo ni vya madaktari na kwamba jamaa yake atapimwa kwa vigezo hivyo hivyo, kisha andika saa na ombi lenyewe.

Mwisho, peleka yote haya kwenye bajeti. Omba fungu la bili za wasiojiweza lionekane kwa jina lake, likiwa na kiasi kilichokadiriwa kutokana na madeni ya mwaka uliopita. Wajumbe wa bodi wakilikataa, hakikisha ombi lako na sababu zao zimeingia katika kumbukumbu za kikao, na kwamba kabla ya kupiga kura walisomewa vifungu vya sheria na kuelezwa kwamba atakayeshtakiwa ni hospitali wanayoiongoza.