Jibu: Bunge la Australia na baraza la rufaa za uhamiaji
Ndugu, umeuliza kama Bunge la Australia linaweza kulihoji baraza linalopitia upya maamuzi ya viza na ukimbizi bila kuingilia uhuru wake. Linaweza, hasa katika vikao vya makadirio vya Seneti, yaani vya kukagua matumizi ya serikali, ambako kamati ya sheria na katiba huwauliza maofisa wa baraza ni mashauri mangapi yamerundikana, kila shauri huchukua muda gani na fedha zimetumikaje. Swali lisilojibika papo hapo hujibiwa baadaye kwa maandishi. Shauri la mtu binafsi halisikilizwi upya pale. Mabaraza mawili ya awali, la viza na la wakimbizi, yaliunganishwa na Baraza la Rufaa za Utawala mwaka 2015, nalo likafutwa Oktoba 2024 na kuundwa jipya. Kwa maoni yangu, mrundikano wa mashauri ulilichosha baraza hilo lililofutwa kuliko gharama.